Paka mzee wa ghalani msimfukuze

Hotuba ya daktari wa mifugo mbele ya wauza nafaka na familia zao, Busia upande wa Uganda

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, akina mama wa sokoni, vijana wa kubeba magunia, nanyi wa boda mliosimama pale mlangoni, hamjambo? Ahsanteni kwa kufunga maghala mapema. Najua kila saa ya siku ya soko ina bei yake.

Nimeitwa nizungumze juu ya paka. Mzee mmoja ameniuliza hapo nje, "Daktari, umeacha ng'ombe wetu unatuletea habari za paka?" Mzee, swali lako ni la haki. Nimekuja na habari za paka kwa sababu mwaka huu, katika mji huu, nimeitwa mara nne kwenda kuua paka wasio na ugonjwa wowote. Mara zote nne sababu ilikuwa ile ile: ndani ya nyumba mna mwanamke mja mzito, na watu wanaogopa kimelea cha paka kinachoweza kudhuru mimba.

Wito wa nne ndio ulionileta mbele yenu. Mama mmoja muuza mahindi, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja, alinipigia simu saa moja asubuhi. "Daktari, njoo na sindano ya kumlaza paka. Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitatu, na huko alikopimwa ameambiwa paka ataitoa." Nikaenda. Nikamkuta paka jike wa mistari ya kijivu, sikio la kushoto limechanika, umri wake yapata miaka saba. Alikuwa amejilaza juu ya magunia, mkia unaning'inia, macho hayabanduki kwenye ufa ulio kati ya ukuta na mbao za kuwekea mahindi. Alikuwa kazini.

Mama akaniuliza, "Unamchomea hapa hapa au nikuletee meza?"

Sikumchoma. Lakini kabla sijaeleza kwa nini, nina jambo limenikaa moyoni kwa miaka na leo nataka kulitoa. Nilipokuwa nimetoka chuoni juzi juzi, niliitwa kwenye ghala la mji mwingine kwa ombi kama hilo. Siku ile nilichoma. Walikuwa paka wawili watu wazima, na mmoja wao alikuwa akinguruma kwa raha mapajani mwangu wakati natafuta mshipa. Nikalipwa, nikaondoka nikiamini nimemwokoa mtoto aliye tumboni. Wiki tatu baadaye nikapita tena pale. Panya walikuwa wametoboa magunia mpaka mahindi yamemwagika sakafuni, na mwenye ghala alikuwa ameshaleta paka wengine: watoto wawili, wa miezi mitatu hivi, walioletwa ndani ya boksi kutoka kwa wauza samaki. Aliyewalisha na kuzoa uchafu wao ni yule yule mja mzito. Nilisimama pale nikahesabu siku kwa vidole. Nilikuwa nimewaondoa paka ambao hatari yao ilikwisha zamani, nikawafungulia mlango paka ambao hatari yao ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Usalama ule haukutokana na sindano yangu.

Sasa tukijue kimelea chenyewe. Kinaitwa Toksoplasma. Kilionekana kwanza mwaka 1908 mjini Tunis, pale Charles Nicolle na Louis Manceaux walipokuwa wakichunguza mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Mwaka huo huo Alfonso Splendore akakiona kwa sungura huko São Paulo, Brazil. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la upinde, kwa kuwa chini ya hadubini kimejipinda kama upinde. Kwa karibu miaka 60 wataalamu walikuwa wanajua kwamba kinapatikana kwenye nyama, lakini wakashindwa kueleza kinamfikiaje mtu asiyekula nyama kabisa. Mwaka 1965 William Hutchison huko Glasgow akaonyesha kwamba kinyesi cha paka kinaweza kuambukiza, na kufikia mwaka 1970 watafiti, wakiwemo J. K. Frenkel na J. P. Dubey, wakawa wameyabaini mayai yenyewe. Nasema mayai ili tuelewane. Kwa kweli ni chembe zenye ganda gumu, ndogo kiasi kwamba ukizipanga mia moja kwa mstari zinafika milimita moja hivi.

Kimelea hiki kinaishi ndani ya kuku, mbuzi, nguruwe, panya na binadamu. Lakini ndoa yake, yaani dume kukutana na jike na mayai kupatikana, hufungwa mahali pamoja tu: kwenye utumbo mwembamba wa jamii ya paka. Paka wa nyumbani, paka mwitu, chui, hata simba wale wanaopanda miti kule Ishasha. Kwa nini paka peke yake? Jibu limepatikana mwaka 2019, kutoka kwa Laura Knoll na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani. Utumbo wa paka umekosa utendaji wa kimeng'enya kimoja ambacho wanyama wengine wanakitumia kubadili asidi ya linoleiki. Hiyo asidi ni sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti, hizi hizi mnazopima kwenye mizani. Kwa kuwa haibadilishwi, inabaki nyingi ndani ya paka, na kimelea kinaihitaji ili kizae. Watafiti wale wakakizuia kimeng'enya hicho ndani ya panya, wakamlisha asidi ya linoleiki kwa wingi, na panya naye akatoa mayai. Mimi niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Miaka yote tulimtazama paka kana kwamba ana hila fulani, kumbe ni suala la mafuta tumboni.

Sisi watu wa mpakani tunazijua njia za panya. Toksoplasma nayo inapita njia ya panya, na panya mwenyewe ndiye mzigo. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba panya aliyeambukizwa anapoteza woga wake wa asili kwa harufu ya mkojo wa paka. Wengine hata wanaifuata. Basi yule panya mnayemwona mchana kweupe anatembea katikati ya ghala bila wasiwasi, msiseme ni jeuri tu. Huenda ubongoni mwake kuna kitu kinachotaka aliwe.

Hebu tuhesabu siku, kwa sababu siku ndizo kila kitu hapa. Siku ya kwanza paka anamla panya mwenye vifuko vya kimelea kwenye misuli na ubongo. Tumbo linayeyusha ganda la vifuko, vimelea vinatoka na kuzama ndani ya seli za ukuta wa utumbo. Vinajigawa, vinajigawa tena, kisha baadhi vinakuwa dume na vingine jike. Kati ya siku ya 3 na ya 10 mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Yataendelea kutoka kwa wiki moja au mbili, mara chache tatu. Katika muda huo paka mmoja anatoa mamilioni ya mayai, na wengine mamia ya mamilioni. Mara nyingi paka mwenyewe anakula vizuri na kucheza, huwezi kumtambua kwa macho.

Kisha mayai yanakoma. Hakuna aliyempa dawa. Mwili wake umefunga mlango wenyewe.

Unaufungaje? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Seli ya utumbo ikivamiwa haifi kimya. Inatoa ishara za kikemikali, na wa kwanza kuitika ni walinzi wa zamu wasiochagua adui: seli walaji, ziitwazo makrofaji, na wenzao seli ziuaji za asili. Hizi zinachojua ni kwamba mgeni ameingia. Zinamchelewesha. Pia zinasaidia kusambaza amri ya kikemikali iitwayo intaferoni gama, na seli inayoipokea amri hiyo, iliyokuwa kama nyumba ya wageni kwa kimelea, inageuka mtego: inakinyima chakula na kukivurugia makazi.

Wakati huo huo seli nyingine zinabeba vipande vya kimelea hadi kwenye tezi za limfu, kama mtu anayepeleka picha ya mhalifu kituoni. Huko wanangoja seli B na seli T. Seli B zinatengeneza kingamwili: kwanza zile za aina ya IgM, baadaye IgG, na kule utumboni IgA. Kingamwili ni kama ofisa wa forodha hapo mpakani. Anamkamata aliye barabarani, aliye juu ya lori, aliye kwenye foleni. Lakini Toksoplasma haikai barabarani. Ikishavuka inaingia ndani ya nyumba ya mtu, yaani ndani ya seli, na ofisa wa forodha haingii chumbani. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ni ya seli T. Baadhi yake zinaitambua nyumba iliyomficha mhalifu na kuibomoa pamoja na aliyemo. Nyingine zinaizidisha ile amri ya intaferoni gama mpaka mtaa mzima unakuwa mtego. Ndiyo maana tunasema kinga ya seli ndiyo inayoishinda Toksoplasma, na kingamwili ni msaidizi wake. Kwa paka jambo hili linaonekana wazi: mara nyingi mayai yanakuwa yamekwisha kukoma kabla hata IgG haijapanda vya kutosha kupimika kwenye damu.

Halafu mwili unakumbuka. Baadhi ya seli T na B hazifi vita vinapokwisha. Zinabaki na ile picha. Paka akimla panya mwingine mwenye vifuko mwezi ujao, vimelea vinafika utumboni na kukuta walinzi wanaowajua kwa sura. Ndoa haifungwi.

Msinielewe vibaya, kimelea hakifutiki chote. Kiasi kidogo kinajifungia kwenye vifuko ndani ya misuli na ubongo wa paka, na kitakaa humo maisha yake yote huku kinga ikikilinda kama mlinzi wa gereza. Kwa hiyo paka aliyeambukizwa zamani anacho kimelea mwilini, ila hakitoi. Kuwa nacho na kukitoa ni mambo mawili mbalimbali, na huko kuyachanganya ndiko kunakoua paka wa Busia.

Na mtoto wa paka? Maziwa ya mama yake yanampa kingamwili za kuazima. Za kuazima hazikai. Katika miezi miwili mitatu zimekwisha. Umri huo huo ndio anaoachishwa ziwa na kuanza kunyatia panya. Ya kuazima imekwisha, ya kwake hajaipata, na meno yameota. Ukiniuliza paka gani wa kumwangalia kwa makini katika ghala lako, nitakuonyesha huyo anayecheza na kamba za magunia, si yule mzee aliyelala.

Sasa nirudi kwa mama yetu. Siku ile nilimwomba gunia tupu. Tukamviringisha paka ndani yake, kichwa kikabaki nje na mguu mmoja wa mbele. Mama akamshika shingoni kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukimpapasa lile sikio lililochanika, bila hata yeye mwenyewe kujua. Nikanyoa manyoya kidogo, nikaloweka spiriti, mshipa ukajitokeza mwembamba kama uzi wa kushonea gunia. Nikavuta mililita mbili za damu. Paka alilia mara moja tu.

Majibu yalipotoka maabara nilimpigia simu. Nikamwambia, "Mama, amepatikana nayo." Upande wa pili kukawa kimya, kisha akasema, "Mungu wangu, basi ni kweli." Nikamwambia, ngoja kwanza. IgG yake ipo, tena nyingi. IgM haipo. Maana yake aliambukizwa zamani, mwili wake umeshapigana, umeshafunga mlango. Zile wiki zake mbili za kutoa mayai, kama ilivyo kawaida ya paka, zilipita akiwa bado kijana, pengine hata kabla mwanao hajaoa. Paka ambaye ningekuhofia ni yule ambaye damu yake haina kingamwili kabisa, kwa kuwa huyo bado hajaambukizwa. Siku atakapomla panya wake wa kwanza mwenye vifuko, wiki zake mbili zitaangukia humu humu ndani, na mkaza mwanao ana mimba.

Mama akanyamaza tena. Halafu akaniuliza swali ambalo nimelibeba hadi leo: "Daktari, kwa hiyo tungemuua huyu tuliyekuwa salama naye, tukamleta wa hatari?" Ndiyo, mama. Kama nilivyofanya mimi miaka ile.

Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Sidhani walijua habari za seli T, lakini walikuwa wameishi na paka muda mrefu.

Nisiwauzie kinga ya paka kana kwamba ni ukuta wa chuma. Mwaka 1995 Dubey aliripoti kuhusu paka tisa aliowaambukiza tena baada ya miaka zaidi ya sita. Wanne kati yao walitoa mayai upya. Kumbukumbu ya mwili inaweza kufifia. Dawa za kundi la kotikosteroidi, zile za kutuliza uvimbe na mwasho, zikitolewa kwa dozi kubwa mno kuliko tunazotumia kawaida, zimewahi kufungua mlango uliofungwa. Kwa hiyo hata kwa paka mzee, usafi uko pale pale. Ila hatari ya huyo mzee na hatari ya mtoto wa paka hazilingani hata kidogo, na anayewaweka wote kwenye kapu moja anawadhuru watu anaotaka kuwalinda. Kwa hesabu za wataalamu, ukiwachukua paka mia moja wakati wowote ule, anayetoa mayai siku hiyo ni kama mmoja.

Akina mama, kinga yenu inafuata njia inayofanana na hiyo. Karibu theluthi moja ya watu duniani wameshaambukizwa Toksoplasma, wengi wao bila kujua. Mwanamke aliyeambukizwa kabla ya kushika mimba, seli zake T zina picha tayari, na kwa kawaida mtoto wake yu salama. Hatari ni maambukizi ya mara ya kwanza wakati wa mimba: hapo kimelea kinaweza kuvuka kondo, mimba ikatoka, au mtoto akazaliwa na kichwa maji au na madhara ya macho ambayo pengine yataonekana baada ya miaka. Sisemi haya kuwatisha. Nasema ili muulize swali linalostahili mnapokwenda kliniki. Swali la kumiliki paka halitoshi. Ulizeni pia habari za nyama na udongo.

Na kuna wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo vinashambulia seli T zile zile, aina ya CD4, wale wapita nyumba kwa nyumba. Zikishuka chini ya 100, gereza linabaki bila mlinzi, vifuko vilivyolala ubongoni miaka mingi vinafunguka. Mgonjwa anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, upande mmoja wa mwili unalegea. Mara nyingi huyo hakuambukizwa na paka wa jana. Ni kimelea chake cha zamani kimeamka. Kinachomlinda ni dawa zake za kila siku za kupunguza virusi, na Septrin kama daktari amemwandikia. Ndugu, usiache Septrin yako ukidhani umeshajikinga kwa kumfukuza paka. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimekutana na mtu aliyefanya hivyo.

Mwaka 2000 ulitolewa utafiti wa miji sita ya Ulaya, wakiwauliza wanawake walioambukizwa wakiwa na mimba. Nyama isiyoiva ilihusika na maambukizi kati ya 30 na 63 kwa kila mia, udongo kati ya 6 na 17. Kuishi na paka hakukuonekana kuwa hatari kwa wanawake wale. Ulaya si Busia, najua. Huku kwetu mtoto anacheza chini, kuku anadonoa chini, mboga zinaota mahali paka anapojisaidia, kwa hiyo udongo wetu naupa uzito zaidi. Lakini mchomo wa mbuzi wenye wekundu katikati ni ule ule, uwe Paris au hapa stendi.

Kuku wa kienyeji ni shahidi mzuri wa udongo, kwa sababu anakula alichokuta chini. Kuku wa Uganda walishachunguzwa, na kimelea kilichotolewa kwa mmoja wao kikasomwa vinasaba vyake vyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kilikutwa ni chotara wa koo mbili za Toksoplasma. Fikirini hilo. Chotara anapatikana kwenye ndoa tu, na ndoa inafungwa ndani ya paka tu. Kwa hiyo mahali fulani palikuwa na paka ambaye kinga yake ilikuwa bado haijaamka, akabeba koo zote mbili kwa wakati mmoja. Sina jinsi ya kujua alikuwa na umri gani, lakini mimi namwona ni kijana.

Basi tufanyeje? Kinyesi cha paka kizolewe kila siku. Mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kwenye hewa na unyevu ndipo yaive. Ukizoa leo, umezoa mayai mabichi yasiyo na nguvu. Ukiacha wiki nzima, yameshaiva, na kwenye udongo wenye unyevu na kivuli yanaweza kukaa mwaka na zaidi. Mja mzito asizoe yeye. Hiyo ni kazi ya mume au shemeji, na nawaona wanaume mnainamisha vichwa. Vaa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mkononi, zika shimoni au tupa chooni, nawa kwa sabuni. Dawa ya klorini haiyaui mayai haya, wala msipoteze pesa. Maji yanayochemka yanayaua. Lundo la mchanga wa kujengea lililo nyuma ya ghala lifunikwe kwa turubai, kwa sababu kwa paka hilo ni choo na kwa watoto ni uwanja. Mboga za majani, dodo na sukuma, zioshwe kwa maji mengi hata kama ni za kupika, maana unapozikata udongo unabaki mikononi. Nyama iive mpaka ndani. Mukene wa paka, yaani dagaa, mpikieni, naye aruhusiwe kuwinda, hiyo ndiyo ajira yake.

Paka wapya msiwalete wakati kuna mimba nyumbani. Mkiwahitaji kabisa, tafuteni mtu mzima kutoka ghala la jirani, si watoto wa kwenye boksi. Wahasini, niiteni mimi au wenzangu, ili kila baada ya miezi michache pasizaliwe wengine sita wasio na kinga. Kichaa cha mbwa wachanjwe pia, hilo tutalizungumza siku yake.

Kuna anayejiuliza, mbona hakuna chanjo ya Toksoplasma kwa paka? Zimejaribiwa. Mwaka 1991 Frenkel na wenzake walitoa taarifa ya kimelea kilichodhoofishwa, kiitwacho T-263; watoto wa paka waliolishwa hicho, wengi wao, zaidi ya wanane katika kumi, hawakutoa mayai walipoambukizwa baadaye kwa kimelea kikali. Kilijaribiwa pia kwenye mashamba ya nguruwe huko Illinois, maambukizi ya nguruwe yakapungua. Lakini kilipaswa kutengenezwa ndani ya panya hai na kutunzwa kwenye barafu, gharama ikawa kubwa, hakikufika sokoni. Mwaka 2019 wengine wakakiondolea kimelea jeni moja linaloitwa HAP2, ambalo dume anahitaji ili aungane na jike. Paka waliopewa kimelea hicho walipata kinga bila kueneza mayai yenye uwezo wa kuambukiza, na walipoambukizwa baadaye hawakutoa mayai. Wazo ni zuri sana: kumpa paka picha ya mhalifu kabla hajakutana naye. Nasubiri siku itakayofika kwenye friji yangu. Kwa sasa chanjo tuliyo nayo ni ile paka mzee aliyojitengenezea mwenyewe, na tunaitupa kwenye shimo la taka kila tunapomuua.

Yule wa mistari yuko pale pale juu ya magunia. Mkaza mwana amefikisha miezi saba, amepimwa damu mara mbili, na leo yumo humu ndani, sitamwonyesha. Anayezoa uchafu wa paka kila asubuhi ni mumewe.

Nimemaliza, Bwana mwenyekiti. Maswali sasa, na nianze na mzee wa ng'ombe.